Uduvi wa Febronia na Chandarua cha Wifi Yake

Febronia hakuwa mtu wa kupendeka, na ninalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani namsifu. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kama mtu anayekurudishia sahani uliyomwazima, huku akiikagua kama haijapata ufa. Nilikaa nyumba ya pili kutoka kwake, mtaa wa Mlabani, kwa miaka sita. Nilikuwa nafundisha sayansi katika shule ya msingi, na katika miaka hiyo yote sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza habari za nyumbani.

Alikuwa mzaliwa wa Malinyi, mwenye miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mikono imejaa makovu madogo ya ukindu. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Mumewe, Venance, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari, alifariki mwaka tisini na tatu akaacha nyumba ya vyumba vinne na uwanja mmoja. Vyumba viwili vya nyuma vilibaki kwa Febronia. Viwili vya mbele alikaa dada wa marehemu, Theresia, mama mnene mwenye sauti ya kuimbisha kwaya, ambaye alikuja kuuguza akabaki.

Siku ya mazishi Theresia alisimama katikati ya waombolezaji akamnyooshea Febronia kidole. "Tazameni macho ya huyu mwanamke. Makavu kama mtaro wa Septemba. Kaka yangu ameoa jiwe."

Kuanzia siku ile wawili hao hawakusalimiana tena. Katika sala za jumuiya, ilipofika wakati wa kupeana amani, Febronia alitoka nje kutazama mvua hata kama hakuna mvua. Nyumbani, walipolazimika kuambiana jambo, walimtumia mtu wa tatu, na asipokuwapo mtu wa tatu walimtumia kuku. Kulikuwa na kuku mwekundu asiye na mkia, ambaye sijawahi kujua alikuwa wa nani kati yao.

"Wewe kuku," Theresia angesema akiwa mlangoni, "kamwambie mwenye ndoo aondoe ndoo yake bombani."

"Kuku," angejibu mwenzake bila kuinua uso kwenye mkeka, "mwambie huyo mama, bomba halikuja naye kutoka Mahenge."

Watu wazima walipita wakicheka. Mimi pia nilicheka, kwa miaka miwili ya kwanza.

Siku moja mwaka tisini na tano nilikwenda kuagiza mkeka wa kitanda. Febronia alinikaribisha ndani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na pale dirishani, juu ya sanduku la chai, nikaona tangi la kioo lenye urefu wa mkono wa mtu. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa mto, majani ya majini yaliyosimama wima, na maji. Sikuona kingine.

"Mama, mbona umefuga majani?" nikamtania.

"Kaa hapo. Tazama. Usiguse kioo."

Nikatazama. Kwanza niliona nukta mbili nyeusi zikielea zenyewe, zimeachana kwa upana wa punje ya mtama. Kisha nikaona ndevu, nyembamba kuliko uzi wa buibui. Kisha mwili ukatokea kuzizunguka nukta zile, mwili wa kioo, wenye miguu iliyokuwa ikichezacheza chini yake kama vidole vya mtu anayetafuta kitu mfukoni. Katikati ya mgongo ulipita mstari wa kijani.

"Huo ni mchicha," akasema Febronia. "Nimempa asubuhi. Unaona unavyoshuka? Na hapa nyuma ya kichwa, panapopigapiga, ni moyo."

Walikuwa uduvi, wale wadogo wa maji baridi wanaonaswa pamoja na vitu vingine kwenye vijito vya bonde letu, ambao hakuna anayewala kwa kuwa hata ndoo nzima haishibishi mtu. Baba yake Febronia alikuwa msukaji wa migono, ile mitego ya samaki, kule Malinyi, na uduvi walikuwa takataka za mgono, wakimwagiwa bata. Tangi lenyewe alilipata alipokuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni. Mzungu mmoja aliliacha likiwa limepasuka kona, na yeye akaiziba kona kwa gundi ya vioo vya magari aliyoiomba gereji. Aliwaza kuweka samaki. Alipokwenda mto Lumemo na kipande cha chandarua, akanasa uduvi ishirini na samaki mmoja. Kesho yake samaki alikuwa amekula uduvi wanne. Febronia akamkaanga samaki.

Nilirudi mara nyingi baada ya siku ile, na sitasema alifurahi kuniona. Aliniacha nikae, basi. Nilijifunza kwake mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Maji ya bomba hakuyatia kabla hayajakaa kwenye ndoo siku tatu, dawa yake itoke. Chakula kilikuwa mchicha uliochemshwa mpaka ukalegea, jani moja kwa siku mbili, na kilichobaki alikitoa kabla hakijaoza. Kwa kuwa hakuwa na mashine ya kutia hewa, kila asubuhi alichota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, mara hamsini, akihesabu. Mara ya kwanza alipokuta ganda tupu la uduvi limelala mchangani, lina miguu na ndevu na kila kitu, alidhani amekufa mmoja. Akahesabu, akakuta wote wapo. Walikuwa wanavua nguo, akasema, kama nyoka.

Kuishi waliishi. Kukuza watoto ndiko kulikomshinda. Jike alibeba mayai ya kijani chini ya tumbo, ameyashika kwa miguu midogo, akiyapepea mchana kutwa kwa wiki mbili na zaidi. Kisha siku moja mayai hayakuwapo, na majini mlikuwa na vumbi hai, vitoto visivyofika urefu wa kucha. Baada ya siku nne, tano, vilikuwa vimekwisha. Uzao wa kwanza Febronia aliumwaga mwenyewe bila kujua, pamoja na maji machafu. Wa pili uliliwa na wakubwa. Wa tatu ulikufa njaa kwenye ndoo ya peke yake, yenye maji safi mno. Wa nne alikosea nini hakujua.

"Nataka kitu kimoja tu, Mwalimu," aliniambia. "Nione mmoja aliyezaliwa humu akikua mpaka naye abebe mayai. Mmoja. Baadaye hata kama wakifa wote, sawa."

Febronia hakujaliwa mtoto. Theresia alilijua hilo kama alivyojua tenzi za Kwaresima, na aliliimba mara nyingi zaidi.

"Kuku," alipaza sauti siku moja mimi nikiwa ndani, "umesikia maajabu? Kaka yangu kafa bila mtoto, mjane wake anazalisha wadudu."

Nilimtazama Febronia. Uso wake haukubadilika. "Naye akidhani ni watoto wangu, na wewe ukidhani hivyo, mna akili moja," akaniambia. "Mtoto wa mtu ungeuona utumbo wake? Ni uduvi. Nataka kujua kwa nini wanakufa, basi."

Uzao wa tano ulianguliwa mwanzoni mwa Machi, mwaka tisini na saba. Safari hii Febronia alikuwa amejiandaa. Wiki tatu kabla aliweka chupa za maji juani mpaka yakageuka kijani, na wakubwa karibu wote aliwahamishia kwenye karai, akamwacha tangini jike mwenye mayai na wengine watatu wadogo wasio na madhara. Kila siku alitia kikombe kimoja cha maji yale ya kijani, na kila siku aliviona vitoto, vikubwa kidogo kuliko jana. Siku ya tano vilikuwapo. Siku ya saba vilikuwapo. Vilining'inia katikati ya maji, kichwa chini, mkia juu, vikirukaruka kwa mpigo mmojammoja.

Mtu asiyejua angesema ni kitu kingine kabisa, na hapa kwetu kila mtu analijua jina lake.

Mwaka ule mitaa yote ilikuwa imechagua kamati za afya, kwa ajili ya vita ya malaria. Wajumbe walifundishwa kutambua viluwiluwi vya mbu na wakapewa kata nyeupe yenye mpini mrefu, ya kuchotea maji yaliyotuama. Mjumbe wa mtaa wetu alikuwa Theresia. Hakuna aliyewahi kubeba kata kwa heshima kama ile. Alikagua matairi ya lori, vifuu, mitungi, hata chombo cha maji ya baraka mlangoni pa kanisa. Watu walimwaga maji yao ya kunawa wakisikia tu kandambili zake.

Siku ya nane Febronia alikwenda Lumemo kutafuta majani, akaacha dirisha wazi kwa sababu ya joto. Theresia alipita nje na kata yake, akaangalia ndani.

"Viluwiluwi!" Ile sauti ya kwaya ilifika mpaka kwetu. "Mamia! Ndani ya nyumba! Anatufugia mbu huyu mama, anatufugia kifo dirishani!"

Nilipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Bwana afya, kijana mstaarabu aliyeitwa Octavian, alikuwa ameshaletwa kwa baiskeli, na kwenye usukani wa baiskeli lilining'inia kopo la mafuta ya taa, maana ndiyo yaliyokuwa yakimwagwa juu ya maji yasiyoweza kukaushwa. Febronia naye alirudi wakati uleule, mguu mmoja una matope mpaka gotini. Akapita katikati ya watu bila kuomba njia, akasimama mlangoni pake na kisu cha kuchania ukindu mkononi.

"Shikamoo mama," akasema Octavian.

"Marahaba. Hupiti."

"Mama, ni sheria ndogo ya kata. Maji yaliyotuama yenye viluwiluwi..."

"Kiluwiluwi ni wewe na hilo kopo lako."

Watu wakaangua kicheko. Octavian naye alitaka kucheka, akajizuia. Theresia hakucheka. "Afande wa afya, unaogopa kisu cha ukindu? Ingia! Mtoto wa Balbina amelazwa juzi na degedege, mbu wametoka wapi? Wametoka dirisha lile!"

Hapo kicheko kikakatika. Balbina mwenyewe alikuwapo, na alimtazama Febronia kwa jicho ambalo sikupenda kuliona kwa mama niliyemfahamu. Mtu mmoja nyuma akasema tangi livunjwe tu. Mwingine akaokota tofali.

Nikasema nina lenzi. Nilikimbia nyumbani, nikarudi nayo, na Febronia akanipisha mimi na Octavian peke yetu. Nilichota vitoto vitatu kwa kijiko cha chai nikaviweka kwenye sahani nyeupe. Nilimwonyesha Octavian: kiluwiluwi cha mbu hakina miguu, hiki kinayo, kiluwiluwi hupanda juu kuvuta hewa, hiki hakipandi, na tazama macho, yamesimama pembeni kama ya kamba wa baharini. Octavian aliinama muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kama mwanafunzi.

"Huu hapa moyo wake," akasema.

"Na ukiondoka utamwona vizuri zaidi," akajibu Febronia.

Tukatoka nje. Octavian akatangaza kwamba si mbu, ni uduvi, wadudu wa mtoni wasio na ugonjwa. Nilidhani yamekwisha. Lakini watu waliokuja kuona kitu kikimwagwa hawaondoki hivihivi, na Theresia alikuwa na akili.

"Leo si mbu," akasema. "Kesho je? Maji si yako wazi? Mbu akitaka kutaga atauliza kwanza kama mna uduvi?"

Octavian akakuna kichwa. Ilikuwa kweli. Kanuni ilikuwa wazi, na alitugeukia sisi wasomi wenzake, maana yake mimi.

Nikasema, "Lifunikwe kwa chandarua. Chandarua kitatosha."

Ni mimi niliyesema. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara yanatoka kwa sauti ileile ya mtu aliyeridhika na jibu lake.

Octavian akakubali, kwa sharti lifunikwe sasa hivi, kabla hajaondoka. Febronia alikuwa na chandarua kimoja, cha kulalia, chenye matundu yanayopitisha ngumi. Tukabaki tumesimama. Ndipo Theresia akaingia kwake, akatoka na chandarua cheupe kimekunjwa, akanikabidhi mimi.

"Mwalimu, mpe huyo mama. Asije akasema nimemnyima."

Hakuna aliyetarajia. Balbina akasema, "Yesu wangu." Febronia alikitazama kile chandarua mikononi mwangu kama mtu anayetazama chakula nyumbani kwa adui. Kisha akamtazama Octavian, kopo la mafuta, na mwenye tofali. Akasogea kando, akaniachia mlango.

Nilikitandaza kwa mikono yangu. Kilikuwa kikubwa kuliko tangi, na katikati kilibonyea kikagusa maji, nikakivuta kidogo nikakibana kwa mawe. Kikabonyea tena.

"Kinanuka," akasema Febronia.

"Ni kipya, mama. Ndiyo harufu ya upya."

Kwa kuwa nilijiona nimemwokoa, nilithubutu kumwomba nilichokuwa nakitaka siku nyingi, vitoto vichache vya kuwaonyesha darasa la saba. Alikataa. Nikamwambia watoto wataona moyo ukipiga, na mimi pia sijawahi kuwaonyesha moyo wowote isipokuwa wa kuchora ubaoni. Akafikiri. Akafunua pembe ya chandarua, akachota kwa kijiko kwenye chupa ya jemu. Chupa yenyewe ilikuwa na maji yake ya kijani, aliyokuwa ameyaweka juani.

"Sita. Nimewahesabu. Jumatatu wawe hapa."

Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, nikiwa napepeta mchele, Febronia alisimama uani kwangu. Hakuwahi kufika kwangu kabla ya siku ile.

"Mwalimu, njoo uone kazi yetu."

Uduvi aliye hai ni kama hayupo. Akifa ndipo anapoonekana. Mwili unapoteza ule ukioo, unakuwa mweupe kama wali. Tangi lile, ambalo kwa miaka miwili wageni walilidhani tupu, asubuhi ile lilikuwa limejaa. Jike na wale watatu wenzake walilala ubavu mchangani. Na juu ya mchanga wote, juu ya kila jani, ulikuwa umetandazwa unga mweupe, na ule unga ulikuwa na macho. Wale wa kwenye karai alikuwa amewaongezea maji ya tangi Ijumaa jioni, kama kawaida yake. Kule nako hakukuwa na aliyebaki.

Febronia alikivuta chandarua akaninusisha.

"Ulisoma chuo gani?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na nilijua kwamba nilikuwa nimejua tangu mwanzo. Chandarua kilikuwa kimetiwa dawa. Mwezi ule vyandarua vingi mtaani vilikuwa vimetiwa dawa, Theresia akiongoza zoezi, na mimi nilikuwapo. Mbu na uduvi wako kwenye sura moja ya kitabu changu cha darasani, kundi moja, wenye magamba na miguu ya vipingili. Nimefundisha sura ile miaka kumi na tisa.

Hakupiga kelele. Alikikunja chandarua, akakiweka kwenye kizingiti cha Theresia, akaweka jiwe juu. Tangu siku ile hakusema naye hata kwa njia ya kuku. Theresia alijaribu, siku mbili tatu: "Kuku, mwambie mwenye ndoo..." Kuku alisimama akisubiri jibu, kisha akaenda zake.

Je, Theresia alijua? Mtaa mzima uliuliza, na kila mtu alijijibu kwa namna anavyompenda au kumchukia. Mwenyewe aliapa mbele ya jumuiya kwamba alitoa kitu chake kwa moyo mweupe na amelipwa jiwe.

Baada ya Pasaka kulikuwa na zoezi jingine la kutia vyandarua dawa, uani kwa balozi wa nyumba kumi. Akina mama walikaa na mabeseni yao, na Theresia alisimama mbele na ile karatasi ya maelekezo, akiisoma kama waraka wa askofu. Vaa glovu. Pima maji. Changanya. Chovya, kamua, anika kivulini. Nawa mikono kwa sabuni. Akakunja karatasi.

Febronia alikuwa ameingia bila mtu kumwona, akakaa mstari wa mbele karibu yangu, na chandarua chake chenye matundu mapajani.

"Mwalimu," akasema, si kwa sauti kubwa, "mwambie huyo msomaji ameruka mstari."

Sikuhitaji kumwambia, kila mtu alisikia.

"Kweli, Mama Theresia," akasema Balbina kutoka nyuma, polepole, kama mtu asiyetaka kusema. "Siku zote unausoma. Ule wa mtoni."

Theresia akaikunjua karatasi. Nilimwona akiutafuta ule mstari ingawa aliujua ulipo. Akausoma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti isiyofika hata ukutani:

"Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala bwawani. Dawa hii huua samaki na viumbe wadogo wa majini."

Theresia akatutazama. "Nimeusoma mara kumi na moja," akasema. "Mara kumi na moja nimeusoma. Nilikuwa nausoma tu."

Huenda ilikuwa kweli. Nina wanafunzi wanaokariri bila kuelewa neno, na nina mwalimu mmoja ninayemfahamu sana ambaye aliyaelewa yote asikumbuke hata moja saa ilipofika. Lakini siku ile aliuruka. Mtu haruki mstari usiomchoma.

Febronia akainuka. "Nilitaka nisikie tu," akasema, akaondoka na chandarua chake kikavu.

Vile vitoto sita vilikuwa bado shuleni, kwenye dirisha la darasa la saba. Jumatatu ile nilikuwa nimemrudishia chupa kama nilivyoahidi, naye akaisukuma nyuma. "Uipeleke wapi? Huku kuna sumu. Kaa nayo. Na mikono yako iliyoshika chandarua isiguse maji." Kwa hiyo alikuja mwenyewe, kila siku baada ya kengele ya mwisho. Hakunisalimu. Alimwaga maji kidogo, akaongeza kidogo, akatia maji ya kijani, baadaye vipande vya mchicha kama kucha. Wawili walikufa Aprili. Wanne waliacha kuning'inia kichwa chini, wakashuka, wakaanza kutembea juu ya mchanga kama wazazi wao. Masika yakapita. Barabara ya Kibaoni ikakauka, vumbi likarudi, naye bado alikuja, akiketi kwenye dawati la mbele na magoti yake marefu yamebanwa, uso kwenye kioo.

Tarehe kumi na saba Julai nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilimsikia akivuta pumzi.

Chini ya tumbo la mmoja wao kulikuwa na mayai, kama ishirini, ya kijani, na miguu midogo ilikuwa ikiyapepea.

Nilitaka kusema neno. Akanizuia kwa mkono. Alitazama mpaka mlinzi wa shule akaja kufunga. Kisha akaifunga chupa kwa kanga akaipeleka kwake, na mimi nikamfuata nyuma kwa sababu sikujua la kufanya.

Tangi lile la zamani hakulitumia tena. Hakuamini kwamba gundi ya kona imeachia sumu yote, na alikuwa ameligeuza kuwa kizimba cha vifaranga. Chupa hakuiweka ndani pia. Aliiweka barazani, juu ya kigoda, katikati kabisa baina ya mlango wake na mlango wa uani wa Theresia, bila kifuniko. Yeye akakaa hatua tatu pembeni na mkeka wake. Kila asubuhi alichuja uso wa maji kwa kichungio cha chai, mbele ya kila anayepita, ili mwenye kata aone hakuna kitu. Mwenye kata aliona. Hakuchota.

Wiki iliyofuata nilikuwa pale nikisubiri mkeka wangu wa pili. Theresia alitoka mlangoni pake na beseni la vyandarua vilivyotoka kuchovywa, vikidondoka. Kamba ya kuanikia ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na njia fupi ilikuwa moja, kupita barazani, kando ya kigoda.

Akasimama. Akaitazama chupa. Tone likadondoka kutoka kwenye beseni.

Kisha akageuka, akaingia ndani na beseni lake, akatokea mlango wa mbele na chandarua kimoja, akazunguka nyumba nzima kwa nje, kupitia nyuma ya choo cha jirani na zizi la nguruwe, akafika kwenye kamba kwa upande wa pili. Akakianika. Akarudi kwa njia ileile ndefu, akaja na cha pili, akipumua kwa nguvu, kanga yake imenasa miba. Alienda safari tatu.

Febronia hakuinua uso. Vidole vyake havikusimama. Safari ya tatu ilipokwisha, akauma uzi wa ukindu, akautema.

"Kuku," akasema.

Kuku mwekundu akainua kichwa.

"Mwambie huyo mama, kamba imelegea upande ule. Vitaburuta chini."

Theresia aliivuta kamba kwa mkono, ikashuka.

"Kuku," akajibu, "mwambie aliyeiona imelegea aje aikaze."

Kuku akarudi kudonoa. Febronia akamaliza mstari aliokuwa akisuka, akaukata vizuri kwa kisu, ndipo akainuka.